Kwa Somoe, Uliyefunga Thelathini Zote

Mtoni, Mfungo Mosi

Somoe,

Ahadi uliyonishikisha nimeivunja. Nimemwambia mdogo wako Zainabu kilichokuua.

Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Nikirudi kutoka kazini na maneno mengi ulikuwa unanikata: "Bwana Saidi, nipe kichwa cha habari kwanza." Basi kichwa cha habari ni hicho.

Nilikuahidi nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chako wodini. Ulinishika kidole gumba, kidole kimoja tu, ukasema, "Waambie tumbo. Tumbo linatosha. Usiwatajie mahali." Nikakubali. Miaka mitano nimekuwa nikiwaambia watu tumbo. Zainabu alitoka Lindi akalia ukumbini kwetu siku tatu, na yeye nikamwambia tumbo. Sasa anajua kwamba ilikuwa saratani ya mji wa mimba, na kwamba damu ilikutoka miezi minane kabla hujanitamkia. Nataka nikueleze ilivyokuwa. Ukishasikia, kama bado una hasira, ni haki yako. Na mimi ninazo zangu, na nyingine ni juu yako.

Hadija, mjukuu wa Zainabu, ulimwacha binti wa miaka ishirini. Alikuja na bibi yake msibani, na arobaini ilipokwisha akasema hawezi kumwacha mzee peke yake na jiko la mkaa. Akabaki. Mchana anauza kwenye duka la vifaa vya shule pale Kilwa Road, jioni anapika, na asubuhi ananisalimia kwa namna ambayo ungeicheka: "Shikamoo, mume wangu." Namjibu, "Marahaba, mke mdogo, chai iko wapi?" Utani wa babu na mjukuu umenisaidia kuliko vidonge vyangu vya presha. Bila utani huo nisingeweza lolote katika haya ninayokuandikia.

Ramadhani zake za kwanza nyumbani kwangu alifunga zote, mwanzo mpaka mwisho. Sikulitazama jambo hilo. Nilimwona binti ana dini, nikamshukuru Mungu, nikaendelea kusoma magazeti yangu.

Mwaka jana siku ya Idi Zainabu alikuwa mgeni wetu. Mimi nilikuwa barazani, wanawake wako ndani, dirisha liko wazi. Walikuwa wanaulizana nani ana siku ngapi za kulipa. Ulikuwa unayasikia mazungumzo hayo kila mwaka: mwanamke akiingia mwezini hafungi, na siku alizokula atazilipa baada ya Idi. Huyu akasema saba, yule sita, mwingine akalalamika kwamba hata za mwaka juzi bado anazo. Hadija akasema hana hata moja. Zainabu akapiga kigelegele.

"Mnamwona mjukuu wangu? Kamrithi marehemu dada! Somoe thelathini zote, na huyu thelathini zote!"

Somoe, kahawa ilinipalia.

Unaijua kazi niliyoifanya. Miaka thelathini na mbili kiwandani nilikaa chini ya taa nikisoma kurasa kabla hazijachapwa, nikitafuta herufi iliyoruka, mstari uliodondoka, ukurasa uliokosekana. Nililipwa kuona kisichokuwepo. Halafu jioni nilirudi nyumbani kwa mke ambaye kwa miaka na miaka hakuwa na siku ya kulipa, na badala ya kuuliza, nilijivuna. Nilijivuna kwa mdomo, wanajua wenzangu wa msikitini. "Nyumba yangu haina kadha, haina deni la mfungo," nilikuwa nasema, kana kwamba ni kazi ya mikono yangu. Mama yangu, ambaye hakukupenda kwa lolote, kwa hilo peke yake alikusifu. Kila aliyeuona ugonjwa wako aliusifu.

Nikaanza kukumbuka mengine. Usiku ule sikulala, nikawa nayaweka sawa moja baada ya jingine.

Shingo yako. Ule weusi wa nyuma ya shingo uliokuwa unausugua kwa dodoki na ndimu kila ilipokaribia harusi, mpaka ngozi inachubuka. Mama alisema mbele za watu, "Mwanamke asiyejua kusugua shingo." Ukaanza kuvaa mtandio hata jikoni. Nami sikumjibu mama.

Kibanio. Nilikikuta ndani ya kopo la udi nilipokuwa natoa vitu vyako, kibanio kidogo cha chuma cha kung'olea nywele. Lakini tusidanganyane, nilikuwa nakijua. Nilikuwa naamka alfajiri nakuona umegeukia dirisha, kioo mkononi, kidevu juu, nami nafumba macho tena mpaka umalize. Miaka arobaini nilikuwa nalala usingizi wa uongo kila alfajiri ili mke wangu asijue kwamba najua. Tuliita adabu. Nilidhani nakusitiri.

Na watoto. Hapa ndipo naona aibu hata kuandika kwa mtu ambaye hawezi kunijibu. Tulipotimiza mwaka wa sita wa ndoa, tukiwa bado tumepanga chumba Gongo la Mboto, ulinisubiri nimalize kula, ukasema, "Twende hospitali kubwa tukapimwe wote wawili." Nikakujibu, "Mimi sina tatizo. Na mtoto ni riziki, hailazimishwi." Nani aliniambia sina tatizo? Hakuna aliyewahi kunipima hata jino. Nilikuwa nimeshakataa mara tatu kuoa mke wa pili, na nilidhani kukataa huko kumemaliza wajibu wangu wote. Nilijiona mume bora. Ukainuka, ukakusanya vyombo, hukurudia tena ombi hilo mpaka kufa. Ulikwenda kwa waganga na mama, ukachanjwa chale, ukanyweshwa vikombe. Ulipotaka kwenda kwa daktari, ulihitaji tu mtu wa kwenda naye.

Sasa nikamtazama Hadija. Shingo ile ile. Chunusi za kidevuni ambazo kwa miaka ishirini na nne zilipaswa kuwa zimekwisha. Mtandio jikoni.

Nitamwulizaje? Jambo kama hili lina watu wake: somo yake aliyemfunda, shangazi, bibi. Wewe ungekuwepo ungemwita chumbani na kuyamaliza kabla wali haujaiva. Somo yake yuko Lindi na alichomfundisha ni kuficha vitambaa visionekane kwenye kamba. Nilizunguka siku nne nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ya tano nikaandika maswali matatu kwenye karatasi, nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai, nikatoka kwenda kununua gazeti nililokuwa nimeshalinunua.

Nimeihifadhi karatasi hiyo. La kwanza: mke mdogo, ni muda gani sasa hujaingia mwezini? La pili: unang'oa nywele kidevuni? La tatu: umewahi kumwambia daktari? Niliporudi nyumba haikuwa na mtu, ameshakwenda dukani, na karatasi iko kwenye kiti changu. Ameandika kwa kalamu nyekundu, ile niliyokuwa nasahihishia: "1. Miezi saba. 2. Ndiyo. 3. Nimewahi. Babu, umejuaje?"

Nilijuaje! Nilijua kwa kuchelewa miaka arobaini.

Jioni hiyo akanisimulia, ameelekeza uso kwenye sufuria ili tusitazamane. Alikuwa ameshakwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza wakampima mimba, walipoona hana wakamwambia akiolewa itakaa sawa. Mara ya pili wakamwambia apunguze mawazo. Basi akaingia kwenye makundi ya simu ambako watu wanauza kila kitu, akanunua kifurushi cha kusafisha kizazi kwa mama mmoja mwenye sauti tamu. Ni unga wa majani. Akaharisha siku sita, mimi nikidhani ni maji ya kisima. Damu haikuja. Yule mama akamwambia hiyo ni dalili kwamba uchafu ulikuwa mwingi, aongeze dozi.

Uchafu! Hasira iliyonishika siwezi kuiandika. Mtoto anaoga mara tatu kwa siku, amefunga mwezi mzima, na mtu asiyemjua anamwambia ndani yake ni mchafu, naye anaamini kwa sababu shingo yake ni nyeusi. Wewe pia uliamini hivyo. Ndiyo maana dodoki.

Tukaenda hospitali, siyo ile zahanati. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa sita. Ilipofika zamu yake muuguzi akaninyooshea mkono: "Mzee, wewe subiri nje." Hadija akasema bila kufikiri, kama anavyosema kila siku, "Huyu ni mume wangu, aingie." Benchi zima likageuka. Muuguzi akanitazama, miaka yangu sabini na sita, fimbo, kofia, akamtazama yeye. Mama mmoja akasema, siyo kwa kunong'ona, "Dunia imekwisha." Hadija alipotambua alichosema akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. "Babu yangu! Ni babu yangu, jamani!" Hatukuwa tumecheka hivyo tangu ufe.

Daktari ni mwanamke, angeweza kuwa binti yetu. Kitu cha kwanza alichouliza ni tarehe. Mwezi wa mwisho lini, kabla ya huo lini, na kabla ya huo. Hadija hakumbuki. Nani alimfundisha kuhesabu? Nikaomba ruhusa, nikasema, "Daktari, tarehe sina, lakini Ramadhani zote alizokaa kwangu hakuacha siku hata moja." Akaweka kalamu chini. "Kuna wanaokunywa vidonge vya kuzuia ili wafunge mwezi mzima. Wewe ulikunywa?" Hadija akasema hapana. Daktari akacheka kidogo. "Basi babu, umenipa historia nzuri kuliko ninazopewa na wengi."

Wakachukua damu. Wakampiga picha ya ultrasaundi. Ugonjwa una jina refu la kigeni, na wengi huuita vivimbe vya ovari, jina linalotisha watu bure, kwa sababu hakuna uvimbe wa kukata. Daktari alieleza hivi. Kila mwezi mayai machache ya mwanamke huanza kukua, na kwa kawaida moja hukomaa na kutoka. Ya Hadija yanaanza, halafu yanasimama njiani. Yanabaki madogo madogo kando kando ya ovari, na kwenye picha yamejipanga kama ushanga. Homoni ambazo sisi wanaume tunazo nyingi, kwake zimezidi kidogo, ndiyo nywele za kidevuni na chunusi. Mwili unapata shida kuitumia insulini, ndiyo ule weusi wa shingoni, na ndiyo maana ugonjwa wa sukari unaweza kumfuata mbele ya safari asipojitunza. Siyo uchafu. Siyo jini. Hakujiletea. Mara nyingi unatembea katika ukoo.

"Na mwezi usipokuja?" nikauliza.

Akasema ukuta wa ndani wa mji wa mimba hujengeka na unatakiwa ubomoke, na damu ya mwezi ndiyo kubomoka kwenyewe. Usipobomoka, unaendelea kunenepa. Miezi michache siyo neno. Miaka mingi bila matibabu siyo salama, unaweza kuja kugeuka saratani.

Nikamwambia habari zako. Ramadhani zako, shingo, kibanio, watoto, na damu iliyorudi ukiwa na miaka sitini na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho na watu wamejaa nje. Akasema, "Babu, siwezi kumpima mtu ambaye hayupo. Inawezekana kabisa. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya." Nilimshukuru kwa hilo. Kwa hiyo na wewe nakwambia hivyo hivyo: inawezekana kabisa. Sina zaidi.

Lakini hasira yangu juu yako ni hii. Miezi minane, Somoe. Mwanamke aliyekwisha kukoma, damu inamrudia, na anachana khanga kuukuu na kufua gizani kabla ya alfajiri. Mwanzoni ulinitania, "Bwana Saidi, ujana umenirudia," nami nikacheka bila kuuliza maana yake. Ulikuwa unanipima kama nitauliza? Nimejiuliza mara nyingi. Siku uliyoshindwa kuinuka kula daku ndipo uliposema kweli, na hospitali wakatuambia tumechelewa. Tumechelewa! Kama watu waliokosa gari. Najua nani alikufundisha kwamba ukisema jambo la mwili wako utajibiwa "mtoto ni riziki". Najua. Bado nina hasira.

Hadija alipewa vidonge vya kurudisha mzunguko. Sasa subiri. Vidonge hivyo ni vile vile vya majira, ambavyo wanawake hunywa kupanga uzazi. Daktari alimpima presha, akamweleza vizuri: vinailazimisha damu kuja kila mwezi ili ukuta ule usinenepe, vinapunguza nywele na chunusi, na haviozeshi kizazi. Siku akiolewa na akataka mtoto, ataviacha na kupewa dawa nyingine ya kuamsha yai, na wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Akamwambia pia apunguze soda na sahani ya wali, aongeze mboga na kunde, atembee. Kwa hiyo jioni tunatembea, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo, na watu wa Mtoni wanauliza kama tunafukuzwa.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha Zainabu akaja kupanga harusi. Hadija ana mchumba, Idi, anatengeneza makochi pale Keko, nitakueleza habari zake. Zainabu akafungua mkoba wa Hadija kutafuta uzi, akatoka na pakiti mkononi. Anavijua vidonge hivyo, amevinywa mwenyewe baada ya mtoto wa sita.

"Shemeji! Hivi wewe ni mzee wa aina gani? Mtoto hajaolewa anakunywa vidonge vya majira chini ya paa lako! Unataka awe kama dada yangu, asizae?"

Nikaanza kueleza. Hakusikiliza. Akaenda chooni akavitupa. Akarudi, akasema kesho anaondoka naye kwenda Lindi, kuna bibi anasafisha kizazi kwa mvuke, ataolewa akiwa mzima. Na Hadija, aliyekuwa ameandika kwa kalamu nyekundu bila woga, akaingia chumbani akaanza kukunja nguo. Hawezi kumkatalia bibi yake. Nani kati yetu aliweza kumkatalia mtu mzima?

Nami nikakaa kimya. Nakwambia kweli, nilikaa kimya kama dakika kumi. Unajua udhaifu wangu. Kijiji chetu kilihamishwa nikiwa kijana, hakuna kilichobaki isipokuwa mikorosho, na tangu hapo mtu yeyote akija kutoka kusini na kusema "kwetu tunafanya hivi", mimi huinamisha kichwa. Mtu aliyekaa mbali na kwao miaka mingi huheshimu kila kitokacho kwao, hata kibovu. Ndivyo nilivyomwachia mama akupeleke kwa waganga. Nilikuwa nasikia zipu ya begi la Hadija inakwama, anaivuta, inakwama. Ilipofunga, nikasimama.

Nikasema, "Zainabu, dada yako hakufa kwa tumbo."

Nikamwambia yote. Mahali penyewe nikapataja kwa jina lake. Nikamwambia kwamba zile Ramadhani alizozipigia kigelegele huenda ndizo zilizomuua dada yake, na kwamba begi lile likipanda basi la Lindi, atakuwa anaifanya kazi hiyo mara ya pili. Nilisema vibaya. Nilipiga kelele, mimi, mpaka jirani akaita kuuliza kama kuna mwizi.

Zainabu akakaa chini kwenye mkeka, mguu mmoja bado una kiatu. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia miezi minane. Akasema, "Na mimi nilimcheka shingo." Kisha akakasirika upya, safari hii kwa haki. "Miaka mitano umeniacha nikidhani kalogwa! Jirani yenu wa Gongo la Mboto simpi salamu mpaka leo! Nimemnunia mtu wa watu kwa uongo wako!" Siri tuliyoiweka mimi na wewe ilikuwa inamla mtu ambaye hata hakuwa na habari.

Hakusema kwamba ameelewa. Alisema, "Mie sijaelewa. Lakini simchukui." Asubuhi akamsindikiza Hadija duka la dawa kununua pakiti nyingine. Alisimama nje, amejifunika mtandio mpaka machoni kama jambazi, na Hadija anasema alikuwa anapiga kelele kutoka barabarani, "Mwulize kama ni vile vile!" Yule jirani wa Gongo la Mboto, Zainabu amekwishampigia simu. Walilia wote wawili, simu ikakata.

Nilikwenda Keko kumtafuta Idi, nimeandaa hotuba. Nilitaka ajue kabla hajaoa, na aambiwe na mwanamume mwenzake. Nikamkuta amepiga magoti anagonga misumari kwenye kochi, misumari mingine mdomoni. Nikaanza kwa mbali, nikasema mtoto ni riziki, na ugonjwa ni mtihani. Akatoa misumari. "Babu, shikamoo tena. Hadija kanambia yote siku nyingi. Kasema kama siendi kupima na mie, hanitaki. Nimepima. Niko fiti, na ningekuwa siko fiti tungejua. Kaa hapa kwenye kochi, halijakauka vanishi upande huu tu."

Nikakaa. Kijana wa miaka ishirini na nane alikuwa amefanya kati ya kazi mbili za makochi kitu ambacho mimi, msomaji wa vitabu, nilikikataa kwa sentensi moja baada ya kula. Nilimpongeza, nikaondoka na vanishi kwenye kanzu.

Sasa sikiliza la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ramadhani hii, siku ya kumi na moja, adhuhuri, nilikuwa nimejilaza. Nikasikia mfuniko wa sufuria jikoni. Unawekwa polepole, kwa mtu anayeficha. Kisha kijiko. Mtu anakula kiporo cha mihogo ya nazi mchana wa Ramadhani ndani ya nyumba yangu. Nikakohoa. Kijiko kikasimama. Kisha sauti ikatoka, ya mtu mwenye mdomo uliojaa: "Babu, ni paka."

Nikasema, "Mwambie paka kuna samaki kwenye kabati, asile mihogo mitupu."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niligeukia ukutani. Mzee gani analia kwa furaha kwa sababu mtu anakula mchana wa mfungo? Siku sita alikula, na siku zote sita nilijifanya sisikii, lakini safari hii anajua kwamba nasikia.

Najua hajapona. Daktari alisema ugonjwa huu hauondoki, hutunzwa, na kuna miezi Hadija anasahau kidonge, anakunywa soda, anagoma kutembea, ananinunia. Kibanio bado anacho, na nilimpa kile chako, akakitazama muda mrefu. Sasa anang'olea sebuleni, mchana, kioo kimeegemezwa kwenye redio yangu, huku ananisomea vichwa vya habari.

Nakuaga, Somoe. Ahadi ya kwanza sitairudisha, siwezi. Nakupa nyingine badala yake. Mtu yeyote wa ukoo huu akiniuliza ulikufa kwa nini, nitamtajia mahali. Na binti yeyote atakayefunga thelathini zote mbele yangu, sitampigia makofi. Nitamwuliza.

Jumatatu Hadija anaanza kulipa siku zake sita, na nimemwambia nitafunga naye zote, asiwe peke yake. Yeye atapika daku, mimi nitaosha vyombo. Za kwako sikuwahi kukusindikiza kuzilipa. Hukuwa nazo, nami sikukuuliza kwa nini.

Mumeo,
Saidi